Diwani Anaporudi Kutuomba Tena



Wiki hii nataka tumzungumzie mtu ambaye sisi tunaokaa pembezoni mwa jiji tunamfahamu kwa jina na tunamlaumu kwa jina, lakini kazi yake wengi wetu hatuijui. Mtu huyo ni diwani. Na hasa namkusudia diwani aliyekwisha kukaa miaka mitano, ambaye sasa anarudi kwetu kwa upole mwingi, anaamkia wazee kwa zamu, anapakata watoto wa watu, na kusema: "Ndugu zangu, nipeni mitano mingine nimalizie nilichokianza."

Mtanikatiza mniambie kwamba mambo hayo bado yako mbali. Madiwani walioingia kwa uchaguzi wa Oktoba 2025 muda wao ni hadi mwaka 2030, kwa hiyo haraka ya nini? Nami najibu kwamba diwani mwenye akili huanza kukitafuta kipindi cha pili siku ile ile anapokula kiapo. Basi mpiga kura mwenye akili naye inampasa aanze kumpima siku hiyo hiyo. Tukingoja hadi wiki za mwisho, tutakachopima ni kofia, kanga na sufuria za pilau.

Mimi ni mkazi wa Kigamboni, ng'ambo ya bahari. Mifano yangu mingi nitaitoa huko, kwa kuwa ndiko ninakolala na ndiko ninakokanyaga tope. Lakini anayenisikiliza kutoka Chanika, Goba, Bunju, Mbagala au Kitunda ataona kwamba ninamsema yeye pia.

Tuanze na hesabu kidogo, maana siasa bila hesabu ni hadithi za kijiweni. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu 1,360,850 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ikahesabu 4,364,541. Ile ya mwaka 2022 ikafikisha 5,383,728. Katika hao, Kigamboni ilikuwa na watu 317,902, nayo ndiyo manispaa yenye watu wachache kuliko zote mkoani. Lakini msidanganywe na uchache huo. Katika miaka kumi tu idadi yake ilikaribia kuwa maradufu. Mwezi Aprili 2016 daraja la Kurasini lilifunguliwa, na mtu ambaye zamani alikuwa akiogopa foleni ya pantoni pale Magogoni, au kuzunguka njia ya Kongowe, akaona kwamba sasa anaweza kujenga Kibada na kufanya kazi Posta. Matofali yakavuka daraja, saruji ikavuka, na watu wakafuata.

Sasa hebu tufikiri pamoja. Diwani aliyechaguliwa katika kata inayokua namna hiyo, anaporudi baada ya miaka mitano, anarudi kwa nani? Kijijini kwetu nilikozaliwa, diwani akirudi anawakuta watu wale wale. Bibi aliyeahidiwa kisima yupo, na kama kisima hakikuchimbwa atamwambia mbele ya watu. Lakini huku kwetu pembezoni mambo ni kinyume. Aliyeahidiwa ameuza kiwanja chake na kuhamia mbele zaidi, huko Kimbiji au Pembamnazi. Aliyenunua kiwanja hicho hakuahidiwa chochote, na wala hajui kwamba miaka mitano iliyopita hapo mbele ya geti lake palikuwa na njia ya futi thelathini ambayo leo haipiti hata bajaji.

Kwa maneno mengine, ndugu wasikilizaji, katika mji unaokua deni la diwani hubaki, lakini mdai huhama. Hili ni jambo zito. Uchaguzi wa kumrudisha mtu madarakani ni shughuli ya kukumbuka. Asiyekumbuka hawezi kumlipa mtu kwa wema wake wala kumwadhibu kwa ubaya wake. Anapiga kura kama mtu anayenunua embe gizani.

Na sisi wahamiaji wapya tuna mazoea mengine ambayo lazima tuyaseme. Wengi wetu tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, tunarudi saa tatu usiku. Mkutano wa mtaa unapoitishwa Jumamosi asubuhi, tuko kwenye ujenzi au kwenye harusi. Jirani tunamjua kwa rangi ya gari lake. Ukimwuliza mtu amejiandikisha wapi kupiga kura, anakujibu Sinza, au Temeke, au Mbeya. Amehama na kitanda, kabati na kuku, lakini jina lake katika daftari la wapiga kura amelisahau kule alikotoka. Halafu siku mvua ikinyesha na barabara ikikatika, yeye ndiye wa kwanza kupaza sauti: "Huyu diwani anafanya kazi gani?"

Swali hilo ni zuri, ila linaulizwa bila kungoja jibu. Leo nataka tulijibu.

Diwani ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, akiiwakilisha kata yake. Baraza hilo hukutana kwa kawaida kila robo mwaka, na katikati ya mikutano hiyo kuna kamati, kama ile ya fedha na ile ya mipango miji. Kule kwenye kata, diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Madiwani wanamchagua meya miongoni mwao. Lakini mkurugenzi wa manispaa, ambaye ndiye mwenye ofisi, gari na saini ya fedha, hawamchagui wao. Huyo huteuliwa na Rais. Kwa hiyo diwani si mtendaji. Hana greda nyuma ya nyumba yake, wala hana fungu la fedha kabatini. Alicho nacho ni sauti katika kikao, kura katika kikao, na haki ya kudai kuonyeshwa hesabu.

Sasa tazameni yale tunayomdai. La kwanza ni barabara. Tangu Julai 2017 barabara za mitaani kwetu zimo mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali uliochukua kazi hiyo kutoka halmashauri. La pili ni maji. Hayo yako DAWASA, ambayo iko chini ya wizara. La tatu ni umeme, na huo tunajua wote ni wa TANESCO. Halafu kuna fedha. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa tegemeo la halmashauri za miji, mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme nayo inachukua chake. Sibishi kwamba mabadiliko hayo yalikuwa na sababu zake. Ninachosema ni kwamba vyombo vilitolewa katika nyumba ya diwani kimoja kimoja, na sisi bado tunakwenda kwake kuazima.

Naye diwani wetu anapofika jukwaani haisemi kweli hiyo. Anaogopa akisema "hili si langu" ataonekana mnyonge, na mpinzani wake atapata la kusema. Kwa hiyo anaahidi lami. Anaahidi maji. Anaahidi taa za barabarani. Baada ya miaka mitano anakuja kuhukumiwa kwa vitu ambavyo hakuwa na mamlaka navyo, na yale aliyokuwa na mamlaka nayo hayaulizwi na mtu yeyote. Pengine hilo humfaa sana.

Wakazi wa Kigamboni tunayo historia inayofundisha. Mwaka 2008 serikali ilitangaza eneo kubwa la huku kwetu kuwa la mji mpya wa kisasa. Picha zake zilikuwa za kupendeza, maghorofa ya vioo na barabara pana. Kwa sababu ya mpango huo watu wakazuiwa kujenga na kuendeleza maeneo yao. Ukitaka kuongeza chumba, hapana. Ukitaka kuweka nyumba rehani upate mkopo, benki inasita. Ukaja uchaguzi wa 2010, ukaja wa 2015, na mji mpya haujaonekana. Hatimaye mpango ule ukaachwa. Sasa fikirini madiwani wa miaka ile waliorudi kuomba kura. Zuio hawakuliweka wao na kuliondoa hawakuweza, lakini mzee aliyekaa miaka yote hiyo akitazama ukuta wake ukipasuka alimwona nani? Alimwona diwani. Waziri yuko Dodoma na diwani yuko msikitini safu ya pili.

Nikisema hivi, wapo watakaouliza: basi kama diwani hana lami, hana maji, hana kodi ya majengo, tunamchagua wa nini? Si bora tumwache mkurugenzi afanye kazi?

Waungwana, tumekwisha kulijaribu hilo, tena si mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa na shughuli zake zikashikwa na maofisa. Miji ikachakaa hata mwaka 1978 halmashauri za miji zikaanza kurudishwa, na mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa tena, na jiji likaendeshwa na Tume hadi mwaka 2000 zilipoundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Haki ya Tume nitaisema: taka ziliondolewa na barabara kadhaa zikatengenezwa. Lakini kwa miaka hiyo yote mtu wa Mbagala aliyekuwa na malalamiko alimpelekea nani, na angemnyima nani kura? Ofisa mzuri akija ni bahati yako, na ofisa mbaya akija huna la kumfanya. Diwani, hata akiwa dhaifu, ni mtu pekee katika jengo lile la manispaa ambaye lazima arudi kwako kukuomba.

Na nguvu alizobakiwa nazo si ndogo kama zinavyodhaniwa. Nitazitaja nne, na hizo nne ndizo ningependa tuzifanye mizani.

Ya kwanza ni ardhi ya umma. Katika mji unaokua hakuna jambo linalozidi hili. Barabara mbovu inaweza kutengenezwa mwakani. Zahanati isiyo na dawa inaweza kupelekewa dawa. Lakini kiwanja cha shule kikishauzwa na watu kumi wakajenga, hakirudi tena, labda kwa tingatinga na machozi. Katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Mwongozo yalipimwa, na katika ramani zake yakaachwa maeneo ya shule, masoko, viwanja vya michezo na makaburi. Kila mwaka anatokea mtu mwenye fedha akitaka kipande fulani kibadilishwe matumizi. Ombi la namna hiyo hupita katika kamati ya mipango miji. Hapo ndipo sauti ya diwani inapouzwa au inapookoa.

Ya pili ni mapato ya ndani. Ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mauzo ya kampuni na biashara, ada za leseni, ushuru wa masoko na stendi, hizo bado ni fedha za halmashauri, na bajeti yake hupitishwa na madiwani. Madarasa mangapi yajengwe na katika kata ipi, hilo hujadiliwa kwenye kikao hicho. Diwani anayesinzia humo anarudi na kalamu ya bure na chupa ya maji.

Ya tatu ni ile mikopo ya asilimia kumi. Tangu mwaka 2018 ni sheria kwamba halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa muda kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, kisha ikarudishwa. Nani katika kata yenu amepata? Vikundi hivyo vina watu kweli, au ni shemeji na wifi wa wakubwa? Diwani anapaswa kujua, na anapaswa kukuambia.

Ya nne ni kikao chenyewe cha kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata huwakutanisha wenyeviti wa mitaa na watendaji chini ya diwani. Kama inakutana, mihtasari ipo. Kama mihtasari haipo, basi haikutani, na diwani wako amekuwa akifanya siasa za misiba.

Msinielewe vibaya kuhusu misiba. Kwetu diwani asiyefika msibani si mtu. Mkono wa pole ni utu, na mimi mwenyewe namheshimu anayekuja kukaa nasi kwenye jamvi. Lakini kuna ambao kazi yao yote ya miaka mitano ni misiba, harusi na kufungua mashindano ya soka. Huyo kila mtu anampenda, na siku mnayogundua kwamba kata nzima haina eneo la kujenga sekondari, mnamkuta kwenye msiba mwingine akilia pamoja nanyi.

Nitawapa kisa kimoja ambacho nilikiona kwa macho, bila kutaja kata wala mtu. Alikuwapo diwani mmoja katika mojawapo ya kata hizi za pembezoni. Hakuwa msemaji hodari. Jukwaani alikuwa akikohoa zaidi kuliko kusema. Katika kipindi chake liliibuka suala la uwanja, eneo la wazi ambalo vijana walikuwa wakichezea mpira. Alitokea mwenye kulitaka, akiwa na michoro ya maduka na ahadi ya ajira. Diwani yule akakataa. Akakataa kwenye kamati, akakataa barazani, akaomba ramani ya asili iletwe mezani, na ilipoletwa ikaonekana kwamba eneo lile ni la wazi na la shule. Jambo likafa. Hapakuwa na sherehe yoyote. Hapakuwa na utepe wa kukatwa. Jambo ambalo halikutokea halina picha ya kupiga.

Ulipofika wakati wa kurudi kuomba tena, nilihudhuria mkutano wake. Kijana mmoja akasimama, tena mmoja wa wale wanaocheza katika uwanja ule ule, akamwambia: "Mheshimiwa, kwa heshima yako, miaka mitano hujatuletea kitu. Mwenzako ametupa jezi na mipira miwili." Watu wakapiga makofi. Diwani akakohoa, akasema kwamba uwanja ule ungekuwa maduka. Watu wakacheka, maana waliuona uwanja upo pale pale, na nani aliyesikia kwamba kitu kilichopo kinaweza kuwa kimeletwa na mtu? Hakupita hata katika kura za maoni za chama chake. Uwanja upo hadi leo, na jezi zile zimekwisha kupauka.

Sikulisema hilo ili tumlilie. Nimelisema kwa sababu linaonyesha namna sisi wenyewe tunavyowafundisha madiwani. Diwani aliyefuata alikuwapo mkutanoni, alisikia makofi, akajifunza. Amejifunza kwamba kulinda hakulipi, na kwamba jezi zinalipa. Je, siku akiletewa michoro mingine ya maduka, tutamtazamia asimame upande gani?

Habari hii ya jezi na pilau ina historia yake katika sheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema kama desturi zetu zilivyo. Watu wakaona mlango umefunguliwa. Wanaharakati wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa vinambagua mgombea asiye na kitu na kuchanganya ukarimu na rushwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa hiyo kwenye karatasi takrima imekufa. Lakini nendeni kwenye vijiwe vya bodaboda miezi miwili kabla ya uchaguzi mkaone kama imezikwa.

Na anayekula hasara kubwa katika mchezo huo ni diwani anayerudi akiwa amefanya kazi kwa mikono safi. Posho yake ni ndogo. Kama hakuuza chochote, hana cha kugawa. Mwenye cha kugawa baada ya miaka mitano ya udiwani, mwulizeni kwa upole alikitoa wapi. Pengine ana biashara zake halali. Pengine anagawa kiwanja chenu cha shule, kimegeuzwa kuwa sahani za wali.

Wala sitaki kuonekana kama wakili wa kila diwani anayeanguka. Wapo walioanguka kwa haki kabisa. Wapo waliotia saini mauzo ya ardhi ambayo waliitwa waje kuyazuia. Wapo waliouza kiwanja kimoja kwa watu wawili kupitia kwa ndugu zao, kisha wakawa wasuluhishi wa ugomvi walioupanda. Wapo waliopotea kama mwezi wa giza na kuonekana tena mwaka wa tano wakiwa na simu mpya na namba mpya. Huyo hana haki ya kudai kwamba TARURA na DAWASA ndizo zilizomwangusha. Kuwa na mamlaka machache si sababu ya kutotumia hata hayo machache.

Lipo jambo jingine ambalo hatuwezi kulipita kimya. Kumpima diwani anayerudi kuna maana tu ikiwa yupo mwingine wa kumlinganisha naye, na ikiwa kura inahesabiwa ilivyopigwa. Sheria yetu inamtaka mgombea udiwani awe amependekezwa na chama. Mgombea binafsi haruhusiwi. Mwaka 2020 kata nyingi nchini zilipata madiwani waliopita bila kupingwa. Oktoba 29, 2025 tulifanya uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwamo, ukaandamana na ghasia na vifo, na jiji letu likalala chini ya amri ya kutotoka nje. Watu wengi bado wana majeraha moyoni, na wengine wanaapa kwamba hawatakwenda tena kituoni. Nawaelewa. Lakini hata wenye msimamo huo wanakaa katika kata, na kata hiyo ina ramani, ina bajeti na ina diwani. Mwenye kuususia uchaguzi asiisusie na ardhi ya watoto wake. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi. Nendeni, mkae nyuma, msikilize. Diwani akiona sura za watu wa kwake kwenye benchi, hata kukohoa kwake kunabadilika.

Basi tufanye nini kuanzia sasa hadi 2030? Sipendekezi mambo makubwa. Napendekeza kwamba katika kila mtaa wapatikane watu watatu au wanne wenye daftari. Waandike diwani aliahidi nini na lini. Waende ofisi ya kata kuuliza mihtasari ya kamati. Waombe kuonyeshwa ramani ya mipango miji, wajue maeneo ya wazi ni yapi, kisha waende kwa miguu kuyatazama kama bado ni ya wazi. Mgeni akihamia, mbali na kumpelekea ugali siku ya kwanza, aelezwe habari za kata kama tunavyomweleza muuza maziwa mzuri yuko wapi. Na daftari la wapiga kura linapofunguliwa, kila mmoja wetu ahamishe jina lake lije linapolala kichwa chake. Kwa njia hiyo, mdai hata akihama, deni litakuwa limeandikwa.

Na kwako wewe diwani unayenisikiliza, maana najua mnasikiliza, nina neno moja la heshima. Utakaporudi kutuomba, usituambie habari za lami ambayo si yako. Tuambie uliomba nini kwa TARURA, kwa barua ipi, na ulijibiwa nini. Tuambie ulipiga kura gani siku ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi lilipoletwa. Taja vikundi vilivyokopeshwa, kwa majina, mbele yao. Sema kipi kilikushinda na nani alikizuia. Huenda makofi yakawa machache kuliko ya mwenye jezi. Lakini watakuwapo wenye daftari, nao wataona kwamba unayoyasema yanalingana na waliyoyaandika. Kura ya mtu wa namna hiyo hainunuliwi kwa sahani ya pilau, na kila mwaka mji unavyokua ndivyo watu hao wanavyoweza kuongezeka, tukitaka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wageni wa pembezoni mwa jiji tumekuja kwa maelfu. Swali ni kama mwenyeji atapona, au kama tutamsaidia kuuza mpaka njia ya kupitishia jeneza lake.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.